Kompyuta Yetu ya Sanduku la Chai

Sisi tuliokulia kwenye udongo mwekundu wa upande wa Sotik, enzi zetu kompyuta haikuwa kitu cha kuwasha na kukaa mbele yake. Ulikuwa unawasha, unaondoka. Unabonyeza kitufe, unachukua ndoo, unaenda kukamua ng'ombe, unarudi, na bado mashine inakoroma ikitafuta akili zake. Kijana wa leo akingojea ukurasa kwa sekunde tatu anatukana simu, anatukana mtandao, na akizidiwa anatukana serikali. Ningependa kumkalisha siku moja tu mbele ya kompyuta ya nyumbani kwetu, nione hiyo hasira yake ingefika wapi.

Kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Chepilat, kule ambako ukivuka barabara unasikia Kikisii na ukirudi unasikia Kipsigis. Tulikuwa na shamba dogo la majani chai, ng'ombe watatu, na matope ya kutosha kijiji kizima. Asubuhi tulienda shule pekupeku, viatu mkononi, tukavivaa getini baada ya kufuta miguu kwenye nyasi zenye umande. Jioni tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati na wawili wakimlenga kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, tukachoma mahindi, tukaitwa nyumbani mara tatu. Mara ya nne haikuwa sauti tena, ilikuwa fimbo. Siku hizi mtoto yuko chumba cha pili na mama yake anamwita kwa ujumbe wa simu, naye anajibu kwa kikatuni cha kidole gumba.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai. Kila mtu alimwita Fundi, hata nyanya yangu aliyemzaa. Alikuwa mtu mfupi, mikono yake ikinukia grisi na chai iliyokaushwa, na hakuweza kupita kitu kilichotupwa bila kukigeuza aone chini yake kuna nini. Ofisi fulani ilipobadilisha kompyuta zake, zile za zamani ziliishia Chepilat zikiuzwa kama vyuma. Baba akanunua tatu mbovu ili apate moja nzima. Zilikaa mezani miezi mingi, zimefunuliwa matumbo, na mimi ndiye niliyekuwa mshika tochi. Nilijua memori na prosesa kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Maboksi yake ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu, kwa hiyo Baba akatafuta nyumba nyingine ya kuiweka ile mashine. Akaona sanduku la mbao nyembamba, la aina iliyotumika kusafirishia majani chai kabla ya magunia ya karatasi kuja. Mama alikuwa akiwekea blanketi humo. Aliporudi kutoka shambani alikuta blanketi juu ya kitanda na sanduku lake limetobolewa mashimo ishirini na moja kwa msumari wa moto. Alisimama mlangoni na kikapu mgongoni, akasema, "Fundi, siku moja utatoboa na mimi." Lakini mashine ilipowaka mara ya kwanza na kupata joto, chumba kizima kilinukia majani chai, na nikamwona akitabasamu upande ule Baba hakuweza kumwona.

Sheria ya Baba ilikuwa moja: hakuna kuikaribia mashine na viatu. Vumbi na matope, alisema, ndiyo yaliyoua zile mbili nyingine. Pasta akija, anavua. Chifu akija, anavua. Hata Baba mwenyewe alivua buti zake za kiwandani nje, akaingia na soksi zilizotoboka vidole.

Sasa, shida ya kompyuta yetu haikuwa uzee. Shida ilikuwa adabu. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, na alichokuja nacho huwezi kukiweka pembeni akiwa anakutazama. Habari ilipoenea kwamba Fundi ana kompyuta, watu waliacha kuleta sukari na mkate, wakaanza kuleta CD. Msaidizi wa pasta alileta Biblia ya lugha kumi na mbili, na Kipsigis haikuwa mojawapo. Afisa wa mifugo alileta magonjwa ya ng'ombe, na picha za kutapisha. Binamu kutoka Nakuru alileta mashindano ya magari. Mama Atieno, jirani yetu aliyetoka upande wa ziwa, ambaye mumewe alikuwa karani wa kiwandani, alileta nyimbo za kwaya yao zilizokuja na programu yake ya kuzichezea. Kuna aliyeleta ramani za nyumba za ghorofa, na sisi tulikuwa na choo cha mabati.

Baba alipokea kila moja kwa mikono miwili. Mama alitia chai, mgeni alivua viatu, na Baba akaiweka ile CD palepale, akikubali kila swali lililojitokeza kwenye skrini, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejibu ibada. Kuikatalia ingekuwa kumkatalia mwenyewe. Na wakirudi waliuliza. "Fundi, ile yangu bado iko?" Baba alifungua akawaonyesha, nao wakaridhika, wakanywa chai nyingine. Kila programu ilipoingia ilijiandikisha iwe inaamka pamoja na mashine asubuhi. Programu za kukamata virusi pekee zilikuwa tatu, na kila moja iliwachukulia wenzake wawili kuwa ndio wezi. Mashine ikawa inaamka na boma zima la wageni wanaogombania mlango.

Katika wale wageni wote mmoja nilimpenda. Ilikuwa programu ya kadi za salamu, yenye kasuku wa kijani aliyefungua mdomo na kusema maneno uliyorekodi mwenyewe. Baba alipohamishiwa zamu ya mchana kiwandani, alijua sitakuwa nikimkuta nikitoka shule. Akanunua maikrofoni ya kubandika shatini, akajifungia chumbani, na tukamsikia akikohoa na kuanza upya, akikohoa na kuanza upya. Kesho yake nilipowasha mashine, kasuku akafunua mdomo na sauti ya Baba ikatoka, nzito na yenye haya kidogo, kama anazungumza na mtu mkubwa:

"Chebet, umefika? Vua viatu kwanza. Kunywa chai. Halafu ndio uguse mashini."

Tangu siku hiyo kasuku alinisalimia kila jioni. Kwa kuwa mashine ilichelewa, niliiwasha, nikavua viatu, nikanywa chai, na sauti ilipofika kuniambia nifanye hivyo nilikuwa nimeshamaliza. Nilicheka kila siku. Sikuona kwamba kungojea kule ni tatizo mpaka nilipofika kidato cha pili, muhula wa mwisho.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta chache kuliko madirisha. Waliotaka somo la Kompyuta kidato cha tatu walikuwa wengi, na mwalimu wake, Madam Nyaboke, alichagua kwa alama hadi ikabaki nafasi moja. Sisi tuliobaki tulikuwa tumefungana kwa alama. Akasema nafasi hiyo itaenda kwa mwenye mashine ya kufanyia mazoezi nyumbani, kwa sababu shuleni hakutakuwa na zamu ya kumtosha. Niliinua mkono. Darasa likacheka. Kila mtu alijua kuhusu lile sanduku.

Madam hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, aliyekuwa akitembea haraka hata akiwa haendi popote. Alinitazama akasema, "Ijumaa baada ya masomo nakuja kwenu. Kipindi kimoja, dakika arobaini. Uwashe, uandike barua ya ukurasa mmoja, uihifadhi, uifungue tena niione. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa unaenda Kilimo, na hatutasumbuana."

Sina ubaya na Kilimo. Lakini nilikuwa nachuna majani chai tangu nikiwa na miaka saba, na sikuona mwalimu angenifundisha nini ambacho mgongo wangu haukukijua. Nilichotaka ni lile sanduku. Nilitaka kujua ndani yake kabisa, mpaka mahali ambapo Baba mwenyewe alisema, "Hapa sasa, Chebet, hapa mimi nimefika mwisho." Nilitaka kuvuka hapo.

Jumatatu jioni nilijipima kwa saa ya ukutani. Dakika ishirini na sita kabla mashine haijatulia. Nikaanza barua, nikiandika herufi, inaonekana baada ya kupumua mara mbili. Katikati ya sentensi ya tatu wale askari watatu wa virusi wakakumbuka wajibu wao, wote kwa pamoja, na skrini ikaganda. Nililia kwa hasira nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Mama akaniambia nilie nikipepeta maharagwe, maana kazi haingoji.

Baba aliposikia aliona aibu kuliko mimi. Jumanne kabla ya zamu alikwenda Chepilat kutafuta memori ya kuongeza. Hakuipata. Akarudi na CD. Mwuzaji alikuwa amemwapia kwamba hiyo ni programu ya kuongeza mbio. Ukiiweka tu, kompyuta inakuwa mpya. Baba akaiweka, ndiyo, ndiyo, ndiyo, akaenda kazini akipiga mluzi. Nilipotoka shule nikapima. Dakika thelathini na moja. Dawa ya mbio ilikuwa imekaa mlangoni na wengine, ikijitangaza kwa maandishi yanayomulika.

Jumatano kulikuwa na mvua ya mawe, majani yalipigwa shambani, na Baba alikuwa nyumbani siku yake ya mapumziko. Tulikaa watatu mezani, mashine ikikoroma. Baba alisema labda atafute mtu Kericho anayejua. Nikasema Ijumaa ni keshokutwa. Ndipo Mama, aliyekuwa akikausha kikapu chake kando ya moto, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Hiyo mashini imebeba nini?"

Baba akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza vidole akaanza vya mkono wa kwanza tena. Mama alimwacha afike mbali, halafu akasema, "Sasa mimi nikipeleka hiyo kwa karani wa majani, atapokea?"

Nieleze kidogo, kwa wasiojua. Mchuna majani chai anachuna majani mawili na kichipukizi, basi. Ukifika kituo cha kuuzia majani, kabla ya mizani unamwaga kikapu chako juu ya gunia, unapiga magoti, na unachambua mbele ya karani. Jani kubwa lililokomaa, nje. Kijiti, nje. Karani hakuulizi jani limetoka upande gani wa shamba wala nani alikusaidia kulichuna. Akiona majani mabaya mengi anakurudishia kikapu chote, ubebe urudi nacho nyumbani watu wakikutazama. Mama hakuwahi kurudishiwa kikapu hata mara moja, na alikuwa akilitaja hilo kwa sauti ya kawaida sana, karibu kila siku.

Alitandika gunia sakafuni. Akaniambia nirarue kalenda ya mwaka uliopita niandike jina la kila programu kwenye kikaratasi chake. Nikaandika vikaratasi arobaini na kitu. Vikamwagwa juu ya gunia. Mama akakaa kwenye kigoda, mgongo wima, kama karani mkali wa kituo chetu. Mimi na Baba tukapiga magoti.

"Hii inafanya kazi gani?"

"Hiyo ni Biblia ya pasta," Baba akasema.

"Nimeuliza kazi."

"Ni ya kusoma."

"Nani amesoma tangu tupande mahindi?"

Mama akanyoosha kidole kwenye sakafu, nje ya gunia. Baba akakitoa kikaratasi akikishika kwa ncha, kama anayemtoa pasta mwenyewe. "Sasa akikuja aulize?"

"CD si iko kabatini? Akikuja unamwekea, anaona, akienda unatoa. Mgeni analala, Fundi. Hahamii."

Magonjwa ya ng'ombe yakatoka. Magari ya mbio yakatoka; hapo nilitetea kidogo, Mama akanikazia macho, nikakisukuma nje mwenyewe. Ramani za ghorofa zikatoka bila wakili. Kwaya ya Mama Atieno ilileta mjadala mrefu, kwa sababu Mama aliipenda, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na kikapu kichafu. Aliiangalia sana. Mwishowe akasema nyimbo za kwaya atazisikia redioni, na akaitupa nje kwa nguvu kuliko zingine. Askari wa virusi wakabaki mmoja. Ile dawa ya mbio Baba aliitoa mwenyewe, upesi, kabla hajaulizwa.

Juu ya gunia vikabaki vikaratasi sita. Mama akahesabu, akauliza, "Ni hii tu?"

Nilikuwa nimekalia kimoja. Nilikiweka chini ya goti tangu mwanzo, na nilidhani hakuna aliyeona. Baba hakunitazama. Alisema tu, taratibu, "Chebet, toa na hiyo."

Nikakitoa. Kiliandikwa *Kasuku*. Ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, nilijua, nilikuwa nimeshaangalia. Peke yake alikula karibu nusu ya memori, kwa yale manyoya yake na ule mdomo.

Mama hakuuliza kazi yake. Aliangalia moto.

"Hii ibaki," nikasema. "Ni sauti yako."

Baba akakichukua, akakisoma kana kwamba sikuwa nimemwambia kimeandikwa nini. Akakiweka nje ya gunia, na majani mabaya.

"Mimi si niko hapa?" akasema. "Sauti ya nini?"

Kesho yake alibadilishana zamu na mwenzake, tukafanya kazi ile pamoja tangu nilipotoka shule hadi usiku, kwa sababu kumtoa mgeni aliyekwisha kuzoea si rahisi. Wengine walitoka wakaacha viatu vyao, ikabidi tuwafuate kwenye mafaili. Kwa kila mmoja, mashine iliuliza kama tuna hakika, na Baba, yule mtu wa ndiyo, ndiyo, ndiyo, sasa alisema ndiyo kwa meno yaliyokaza. Kasuku alibaki wa mwisho. Mashine ikauliza kama nina hakika. Baba akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Nilitaka ile nafasi kuliko kitu chochote duniani, na ukweli ni kwamba sikusita sana. Nikabonyeza.

Tulipowasha tena, Mama alikuwa ameweka sufuria ya chai motoni papo hapo. Mashine ikawa tayari kabla maziwa hayajapanda. Baba aliizima akaiwasha tena, akaizima akaiwasha, hadi Mama akamwambia ataichosha.

Ijumaa Madam Nyaboke alikuja na mwavuli na saa yake. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa mara mbili, akakaa, akapewa chai. Nikabonyeza kitufe. Feni ikaanza kuzunguka, sanduku likapata joto, na harufu ya majani chai ikajaa chumbani. Madam akanusa, akatazama huku na huku akitafuta birika. Mashine ikafunguka kimyakimya. Ule ukimya ndio uliokaribia kunivuruga. Masikio yangu bado yalingojea sauti ya kuniambia nivue viatu. Nikaanza barua. Nilifika mstari wa tisa radi ilipopiga upande wa Nyamira, na stima ikapotea.

Mama alishika mdomo. Madam aliangalia saa, hakuisimamisha. Tulikaa katika gizagiza lile la mvua tukisikiliza mabati. Nilihesabu vidole vyangu vya miguu, kumi, na tena kumi. Stima iliporudi dakika kumi na nne zilikuwa zimekwenda na barua yote ilikuwa imepotea. Ingekuwa kompyuta ile ya Jumatatu, hapo ningevaa viatu vyangu nikamsindikize mwalimu hadi barabarani. Nikabonyeza kitufe. Ikaamka. Nikaandika barua upya kuanzia anwani, nikaihifadhi kila baada ya mistari miwili. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Madam aliisoma yote, hadi jina langu chini. Akasahihisha nukta moja. Akazungusha kikombe chake, ambacho bado kilikuwa na chai nusu, akasema, "Nani amekufundisha kuisafisha hivi?"

Nikamwonyesha Mama. Mama akatazama miguu yake, akasema yeye anajua majani tu.

Nafasi ikawa yangu. Baba aliporudi kutoka zamu nilimsimamia njiani, karibu na boma la ng'ombe, nikamwambia. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaniangalia miguu, yenye matope hadi kwenye vifundo, akasema, "Na viatu ulivua?"

Nilipita somo lile, nikaenda chuo, na leo nina duka la kutengeneza kompyuta pale Siongiroi, katikati ya wauza ng'ombe na wauza mbegu. Wateja wangu wengi ni vijana. Wanaleta mashine zilizotoka dukani juzi, zenye nguvu ambayo Baba angeivulia kofia, na wanalia kwamba ni nzito. "Auntie, hii kitu imeslow, niwekee RAM ingine." Siwawekei kitu. Natandika gunia juu ya meza, nawapa vikaratasi na kalamu. Wanacheka, wananipiga picha, wananiweka mtandaoni. Halafu naanza kuuliza: hii inafanya kazi gani? Nani ametumia tangu mpande mahindi? Wengine hawajawahi kupanda mahindi, lakini wanaelewa. Wanaondoka na mashine inayokimbia, na kabla hawajafika stendi wameshapakua takataka nyingine kumi.

Lakini kuna swali moja ninalouliza ambalo Mama hakuliuliza. Kabla sijafuta chochote namuuliza mwenye mashine kama kuna sauti ya mtu ndani. Ya mzazi, ya nyanya, ya yeyote. Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Mmoja aliniambia ana video zaidi ya mia mbili za babake kwenye simu, nikamuuliza mara ya mwisho alizitazama lini, akafikiria sana, akaniambia hakumbuki.

Baba alituacha miaka kadhaa iliyopita, kwa ugonjwa ambao haukumpa nafasi ya kuaga vizuri. Baada ya matanga niliichomoa diski ya lile sanduku, nikaja nayo dukani, nikaipekua kwa kila ujuzi nilionao, ule ujuzi nilioutaka sana. Barua yangu kwa Madam bado ilikuwamo, na nukta yake. Kasuku hakuwamo, wala kipande chake. Na kwa ujuzi huohuo najua sasa kwamba ile sauti yenyewe ilikuwa faili dogo tu, ambalo mashine isingehisi uzito wake. Ni kasuku ndiye aliyekuwa mzito. Ningeweza kumtoa yeye nikaibakiza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikulijua hilo, na nilikuwa nimefuta vizuri sana.

Simlaumu yule msichana. Angekosa nafasi ile, nisingekuwa na mikono ya kuitafutia sauti hiyo leo. Tena Baba mwenyewe ndiye aliyesema yuko hapa, na kwa miaka mingi baada ya hapo alikuwepo kweli, na soksi zake zilizotoboka. Ila nikikaa peke yangu asubuhi kabla ya wateja, nakumbuka kwamba enzi zetu tulilalamika juu ya kungojea, kumbe katika kungojea kule ndimo mtu alipata nafasi ya kukuuliza kama umefika.

Bado navua viatu mlangoni mwa duka langu. Wauza ng'ombe wanacheka, wananiita fundi wa peku. Naviweka kando, nanywa chai, na nikiwa nimekaa nanyoosha mkono niwashe. Mashine za siku hizi ni nyepesi mno. Siku nikisahau, nikiwasha kwanza, inakuwa tayari kabla sijamaliza kuvua kiatu cha pili.